Paneli za umeme au hita ya jua? Joto lichukue likiwa joto

Swali lililonifikia linasema hivi: “Mtaalamu, nyumbani tuko watu 6 na bili ya umeme inatuumiza kwa sababu ya maji ya kuoga. Pia tunakausha matunda na mboga za kuuza, na msimu wa mawingu sehemu kubwa inaota ukungu. Fundi mmoja amenishauri nifunge paneli za umeme wa jua, eti zitafanya kila kitu. Mwingine anasema joto la jua ni habari nyingine na mtambo wake ni mwingine. Nimsikilize nani? Na hilo joto la jua lina kazi gani zaidi ya kuoga?”

Dada, fundi wa pili yuko sahihi, ingawa wa kwanza naye hakukudanganya. Paneli za umeme zinaweza kupasha maji yako moto, kama vile mtu anavyoweza kufika sokoni kwa kuuzunguka mlima huku njia iko mbele ya mlango wake. Shida zako zote mbili, maji ya kuoga na ukaushaji, ni shida za joto. Na joto ndilo jambo rahisi kuliko yote kulipata kutoka kwenye jua: mwanga ukipiga kitu cheusi, hugeuka joto papo hapo. Kwa nini uugeuze kwanza kuwa umeme, kisha umeme uugeuze tena kuwa joto?

Tufanye hesabu, maana hapa ndipo wengi hupotea. Saa 6 mchana, anga ikiwa safi, kila mita mraba 1 inayotazama jua hupokea takriban wati 1,000. Siku nzima ya jua zuri huleta kama kilowati-saa 5 kwa kila mita mraba. Kilowati-saa 1 ndiyo ile uniti 1 unayoisoma kwenye mita ya umeme. Kupandisha lita 100 za maji kutoka nyuzi 20 hadi nyuzi 60 za Selsiasi kunakula uniti 4.7 hivi. Sasa chukua mita mraba 2 za paa lako. Kwa siku zimepokea uniti 10. Ukiweka paneli za umeme, ambazo hugeuza kama moja ya tano ya mwanga, mkononi unabaki na uniti 2, nazo zinatosha lita 43 tu. Ukiweka hita ya jua, ambayo hunasa nusu na mara nyingine zaidi, unapata uniti 5: lita 100 zote zimepata moto na kidogo kimebaki. Paa ni lile lile, jua ni lile lile.

Sitaki uchukie paneli. Bei zake zimeshuka sana miaka ya karibuni, na wako wanaoziunganisha moja kwa moja na koili ya kupashia maji. Pale ambapo bafu liko mbali mno na paa, au sehemu zenye baridi ya kugandisha maji ndani ya mabomba, njia hiyo inaweza kuwa na busara. Taa, redio, friji, simu, hizo ni kazi za umeme na paneli ndizo mahali pake. Ninachokuomba ni uigawe orodha ya mahitaji yako mafungu mawili kabla hujatoa pesa: kipi kinataka umeme, kipi kinataka joto. Kisha kwenye fungu la joto, uliza swali ambalo mafundi wengi hawaulizi: joto la nyuzi ngapi? Takriban nusu ya nishati yote inayotumika duniani majumbani, viwandani na kwingineko hutumika kama joto, na sehemu kubwa ya joto hilo si kali. Maji ya kuoga yanataka nyuzi 40. Kukausha matunda, 50 hadi 60. Kwa joto la kiasi hicho, sanduku lenye kioo na bati jeusi linatosha.

Tazama hita ya kawaida ilivyo. Chini kuna bamba la shaba au alumini lililopakwa rangi nyeusi maalumu inayomeza mwanga na kutoa joto kidogo sana. Juu ya bamba zimelala au zimechomelewa mirija ya shaba yenye maji. Juu yake kuna kioo, ambacho hupitisha mwanga lakini huzuia joto na upepo usilibebe. Nyuma na pembeni kuna sufi ya kuhifadhi joto. Tangi hukaa juu kidogo ya bamba. Maji yakipata moto huwa mepesi, hupanda yenyewe hadi tangini, na maji baridi mazito hushuka kuchukua nafasi yake. Hakuna pampu, hakuna waya. Saa 5 asubuhi shika bomba linaloingia chini ya bamba kwa mkono mmoja na linalotoka juu kwa mkono mwingine: tofauti utakayoihisi ndiyo injini nzima ya mtambo.

Kwa kuwa haina pampu, nguvu inayosukuma maji hayo ni ndogo, na kosa dogo la ufungaji huiua. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako hita mpya ilikuwa inatoa maji ya uvuguvugu, na wenyewe walikuwa wameshaamua kwamba sola haifai. Kioo kilikuwa safi, jua kali. Nikashika bomba la juu linapotoka kwenye bamba: halishikiki. Nikasogeza mkono kama sentimita 40 kuelekea tangini: baridi. Fundi alikuwa amelipandisha bomba juu ya boriti, kisha akalishusha kidogo kabla ya kuliingiza kwenye tangi. Hapo kwenye nundu hewa ilikuwa imekaa, hewa isiyojaza hata kikombe, nayo ilikuwa imeziba njia nzima. Tulilikata bomba, tukalinyoosha lipande mfululizo bila kushuka popote, na siku ya pili jioni walioga maji ya moto. Hita haikuwa na kosa lolote. Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu mitambo mingi mizuri imetupwa kwa makosa ya namna hii.

Jambo jingine linalowapotosha watu ni kudhani kwamba hita inapokea joto kutoka kwenye hewa, kwa hiyo haifai sehemu za baridi. Mwaka 1767 mwanasayansi wa Uswisi, Horace-Bénédict de Saussure, alitengeneza sanduku lililofunikwa kwa vioo vya tabaka kadhaa, na ndani yake joto likapita kiwango cha maji kuchemka. Baadaye alipanda nalo mlimani. Hewa ya nje ilikuwa baridi mno kuliko ya bondeni, lakini ndani ya sanduku joto lilikuwa karibu lile lile. Kinachopasha ni mwanga. Baridi ya nje inachofanya ni kuiba joto lililokwisha kunaswa, na dawa yake ni kuzuia wizi huo. Ndiyo maana kuna hita za mirija ya vioo viwili kimoja ndani ya kingine, katikati hewa imenyonywa ikabaki ombwe, kama chupa ya chai. Sehemu zenye baridi au upepo mwingi, hizo hushinda zile za bamba. Sehemu zenye joto, bamba linatosha na ni gumu zaidi kuvunjika.

Tangi nalo lina historia ya kufundisha. Mwaka 1891 Clarence Kemp wa Baltimore, Marekani, alipata hataza ya hita ya jua iliyokuwa na matangi meusi ndani ya sanduku la kioo. Alasiri maji yalikuwa moto. Alfajiri yalikuwa baridi, kwa sababu tangi lenyewe ndilo lililokuwa likiota jua mchana na kuota baridi usiku. Mwaka 1909 Mmarekani mwingine, William Bailey, akalitenganisha tangi na bamba, akalivika vazi la kuhifadhi joto. Tangu hapo mtu aliweza kuoga maji ya jua kabla jua halijachomoza. Kwa hiyo unapokwenda kununua, usivutwe na kung'aa kwa kioo tu. Uliza tangi limezungushiwa sufi ya unene gani. Mtu akikujibu kwa kubabaika, nenda kwingine.

Sasa ukubwa. Maji ya kuoga mtu ni ya nyuzi 40 hivi, nayo unayapata kwa kuchanganya maji ya nyuzi 60 na ya baridi ya nyuzi 20, nusu kwa nusu. Watu 6, kila mmoja lita 50, ni lita 300 za kuoga, yaani lita 150 za maji ya moto kutoka tangini. Tangi la lita 200 lenye bamba la mita mraba 4 linawatosha, na siku ya mawingu mepesi bado mtaoga, maana bamba hunasa hata mwanga uliotawanyika. Siku za mvua mfululizo halitatosha. Acha koili ya umeme ndani ya tangi kwa ajili ya siku hizo, iwe na swichi yake, na swichi hiyo iwe imezimwa siku nyingine zote. Nimeona nyumba ambazo koili inawaka usiku kucha mwaka mzima: asubuhi jua linakuta tangi limekwisha kujaa moto na halina la kufanya.

Bamba litazame ikweta. Ukiwa kaskazini ya ikweta, litazame kusini. Ukiwa kusini, litazame kaskazini. Mwinuko wake uwe karibu sawa na nyuzi za latitudo ya mahali ulipo, ila hata ukiwa jirani kabisa na ikweta usilaze chini ya nyuzi 15, ili maji yaweze kupanda na mvua ioshe kioo.

Na usalama, tafadhali usiupite haraka. Maji yaliyokaa vuguvugu kwa muda mrefu hulea bakteria wa Legionella, wanaoleta homa mbaya ya mapafu, kwa hiyo tangi lifikie nyuzi 60 mara kwa mara. Lakini maji ya nyuzi 60 humbabua mtu kwa sekunde chache, na siku ya jua kali ambayo hakuna aliyeoga, tangi huweza kufika nyuzi 80 na kitu. Weka vali ya kuchanganyia maji kabla ya bomba halijaingia bafuni, hasa kama kuna watoto au wazee. Weka pia vali ya kupunguza presha, na usimruhusu mtu yeyote aizibe eti inavuja. Ndani ya tangi la chuma kuna fimbo ya magnesiamu inayokubali kuliwa na kutu ili tangi lisiliwe. Ikaguliwe kila baada ya mwaka 1 au 2. Nimewahi kuchomoa moja ambayo ilikuwa imebaki waya mwembamba wa katikati tu, na kwenye waya huo maganda meupe ya chokaa. Tangi lenyewe halikumaliza miezi mingi baada ya hapo.

Tuje kwenye biashara yako, ambako nadhani faida yako kubwa imejificha. Kuondoa maji kwenye tunda ni kazi nzito kuliko inavyoonekana. Lita 1 ya maji kutoka nyuzi 20 hadi 100 inakula kilojuli 335. Kuigeuza lita hiyo hiyo yote iwe mvuke kunakula nyingine 2,260, karibu mara 7. Kilo 10 za vipande vya matunda vyenye maji asilimia 80, ukivikausha hadi asilimia 10, vinabaki kilo 2.2. Kilo 7.8 za maji zimepanda hewani, na zimekula uniti 5 za joto na ushee, zaidi ya zile lita 100 za kuoga. Kufanya hivyo kwa umeme kila siku ni kuumia. Jua linaifanya kazi hiyo bila kukuandikia bili.

Lakini kuanika mkekani si kukausha kwa uhakika. Vumbi, inzi, mvua ya ghafla, na usiku matunda hunywa tena unyevu yalioutoa mchana. Kikaushio cha jua ni sanduku lililoinuliwa kutoka ardhini: upande wa chini tundu lenye wavu la kuingizia hewa, kisha bati jeusi chini ya kioo au plastiki ngumu, kisha kabati lenye trei za wavu, na juu bomba la kutolea hewa. Hewa ikipata moto hupanda na kupita kwenye trei. Siri iko hapa: hewa ya nyuzi 25 yenye unyevu wa asilimia 80, yaani siku ile ya mawingu inayokuharibia mali, ukiipandisha hadi nyuzi 45 unyevu wake unashuka hadi asilimia 26 hivi. Hewa iliyokuwa imeshiba maji sasa ina kiu.

Kata vipande vya unene unaolingana, milimita 5 hivi, na usivirundike. Usiwe na pupa ya joto: ukipita nyuzi 60 mapema, ngozi ya nje hukakamaa na maji hufungiwa ndani. Kipande kinaonekana kikavu, baada ya wiki 2 kimeota ukungu. Mboga za majani na matunda ya rangi ya chungwa yakaushe kwenye kabati lililofunikwa, maana mwanga wa jua wenyewe hula viini vya vitamini A na kufifisha rangi. Joto peke yake linatosha. Ukimaliza, jaza chupa ya kioo yenye kifuniko, ifunge, iache ndani kwa siku 2 au 3 ukiitikisa mara kwa mara. Ukiona hata umande mwembamba kwenye kioo, rudisha mzigo wote kwenye trei.

Ukiwahi kukausha nafaka au karanga, kasi ni jambo la uhai. Zikikaa mbichi, ukungu huzalisha sumukuvu, sumu inayoharibu ini, na ikishaingia haitolewi kwa kupika wala kwa kukausha baadaye. Na hapa, kwa furaha yangu, paneli ya umeme inapata nafasi yake: ndogo ya wati 10 au 20 inazungusha feni ya kusukuma hewa. Jua likizidi, feni inakimbia, likipungua, inapunguza. Joto linafanya kazi nzito, umeme kidogo unalisaidia.

Umeuliza kuhusu kazi nyingine. Ziko nyingi, nazo hupangika kwa nyuzi. Maji ya kunywa hayahitaji kuchemka ili vijidudu vife: nyuzi 65 kwa dakika kadhaa zinatosha, na chombo cheusi ndani ya sanduku la kioo hufika hapo, ingawa chumvi na kemikali hubaki. Kuziondoa chumvi kunataka kuvukiza, na sasa unajua gharama ya kuvukiza: mita mraba 1 ya sanduku la namna hiyo hutoa lita chache tu kwa siku. Hata hivyo huko Las Salinas, jangwani Chile, mwaka 1872 walijenga mtambo wa vioo uliotoa zaidi ya lita 20,000 za maji safi kwa siku. Jiko la jua la sanduku hupika polepole bila moshi, na moshi wa jikoni unaua. Viwanda vya maziwa, vya nguo na vya vinywaji vinahitaji maji moto na mvuke ambao vioo vya kukusanya mwanga vinaweza kuutoa. Hata barafu inawezekana: mvumbuzi wa Ufaransa, Augustin Mouchot, aliitengeneza kwa mvuke wa jua kwenye maonyesho ya Paris mwaka 1878, watu wakitazama.

Juu zaidi ni umeme wenyewe. Mwaka 1913 mvumbuzi wa Marekani, Frank Shuman, alijenga Maadi, Misri, safu za vioo vilivyopinda kama mfereji, vikachemsha maji, mvuke ukaendesha pampu ya kunyweshea mashamba kwa maji ya Nile. Leo karibu na Ouarzazate, Moroko, mitambo ya Noor inatumia njia hiyo hiyo kuzalisha umeme, kwa ukubwa mwingine. Sehemu yake ya tatu ina mnara unaopigwa na vioo maelfu, nayo ilijengwa ili itoe megawati 150 na kuhifadhi joto la kutosha saa 7 baada ya jua kuzama, ndani ya matangi ya chumvi za naitreti zilizoyeyushwa, nyingine zikipita nyuzi 500. Kwa umeme wa mchana peke yake, paneli ni rahisi zaidi, hilo lazima nikiri. Nguvu ya joto ni kwamba linahifadhika kirahisi. Ila vioo vya kukusanya mwanga vinataka jua la moja kwa moja. Ukungu na mawingu huvishinda, tofauti na bamba lako la paani.

Kwa hiyo, dada, anza na hita ya lita 200 na kikaushio chenye feni. Paneli za taa zije baadaye, nazo zitakuwa chache kwa sababu joto halimo tena kwenye hesabu yake. Na usimlipe fundi salio siku ile ile anayomaliza. Subiri siku moja ya jua kamili bila mtu kuoga. Saa 11 jioni fungua bomba la moto, kinga kwenye kikombe, tia kipimajoto, andika. Alfajiri yake, kabla yeyote hajagusa maji, pima tena. Yakiwa yameshuka nyuzi chache, mlipe. Yakiwa yameshuka zaidi ya 10, mpandishe paani atazame mambo mawili: sufi ya tangi, na kama sehemu ya chini ya tangi imepita ukingo wa juu wa bamba kwa walau sentimita 30. Isipopita, usiku maji ya moto hurudi nyuma kwenye bamba na kupoa huko, na mchana mzima wa jua unamwagwa gizani.